Kabati Nililompelekea Wifi

Wewe uliyekuwa nami wiki iliyopita unajua uliniacha wapi. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa chumba changu cha chai, ndani hakuna mteja hata wa kusingiziwa, na ng'ambo ya barabara wifi yangu anapanda ngazi kutundika kibao chake kipya: CHAI YA KICHINA HALISI. Chai yenyewe ni yangu. Hata ile ngazi ni yangu.

Kama ndiyo kwanza unaingia, nitakueleza kwa ufupi, maana hasira haziniruhusu kueleza kwa urefu.

Nilifanya kazi miaka mingi kwa mama mmoja wa Kichina aliyeuza mapazia. Watu walimwita Mama Mapazia, naye akaitika. Wateja wakiadimika alinikalisha nyuma ya duka akanifundisha chai yao: majani yaoshwe kwanza kwa maji ya moto, maji hayo ya kwanza yamwagwe, ndipo mtu anywe. Alipofunga duka akarudi kwao aliniachia vyombo vyake vyote, akaahidi kunitumia majani kila msimu. Nikafungua chumba cha mbele cha nyumba yetu. Watu walikuja kwa kushangaa, wakarudi kwa kupenda.

Nikamwita wifi, dada wa mume wangu, tufanye kazi pamoja. Hapo ndipo nilipojimaliza. Yeye ndiye aliyekwenda kwa wakala kuchukua mizigo, na bila mimi kujua akaandikisha jina lake. Mzigo mkubwa ulipofika ukaenda kwake. Akakodi chumba ng'ambo ya barabara, akabeba na nusu ya vikombe.

Hayo ningeyameza. Lakini hakuishia hapo.

"Mnaona anavyomwaga yale maji ya kwanza?" aliwauliza wanawake wa mtaani. "Mnadhani yanakwenda wapi? Lile sinia lake lina matundu, na chini yake kuna chombo. Akifunga mlango anayachemsha upya, kesho mnauziwa nyie. Mimi nimefanya naye kazi, nimeona kwa macho yangu!"

Chombo kweli kipo. Kila sinia la chai ya Kichina lina chombo chini, la sivyo meza ingelowa. Lakini nenda kamweleze mtu ambaye ameshaanza kutema mate.

Nilimwendea mume wangu.

"Mwambie dada yako akiri mbele ya watu kwamba chai ni yangu na maji siyarudishi."

"Mke wangu, yule ni dada yangu. Nitamwambiaje?"

"Kwa mdomo."

"Tumpe muda. Atajirudi."

Mume wangu si mtu mbaya. Ila kila jambo gumu hulisukumia kwa muda, kisha yeye huenda kuoga.

Mtu pekee aliyeendelea kuja kunywa chai kwangu alikuwa mama mkwe. Mnajua maneno ya mama wakwe. Mimi sina la kumsema wangu. Alikuwa anauza sabuni, zile za miche na zile za maua, anazichemsha mwenyewe uani na kuzipanga kwenye meza yake sokoni. Kila mchana akitoka sokoni alikuja kwangu, akavuta kiti mpaka dirishani, akakaa juani.

"Mama, sogea huku kivulini," nilimwambia siku moja.

"Niache hapa hapa. Wapitao waone kuna mtu ndani."

Alikuwa anakunywa kikombe baada ya kikombe, na wala haipendi chai.

Basi ikaja habari ya duka la kona. Sokoni palikuwa na duka dogo la matofali, lenye maji ya bomba na baraza, karibu kabisa na meza ya sabuni ya mama mkwe. Aliyekuwa nalo alihama. Mwenyekiti wa soko akatangaza kwamba anataka mtu wa chai ya Kichina aingie hapo, kwa sababu wenye maduka wengi walishaizoea kutokana na mimi. Mimi! Nilitoka mbio kwenda ofisini kwake.

"Umechelewa, dada," alisema Mwenyekiti bila kuinua macho. "Wifi yako ameshakuja. Wiki ijayo kamati nzima itaonja chai yake pale barazani, tutamkabidhi ufunguo."

"Mwenyekiti, ile chai ni yangu."

"Na yale maji ya chini ya sinia nayo ni yako?"

Makarani wawili waliokuwa pale wakacheka. Mmoja wao alikuwa akinywa kwangu kila Ijumaa, nami nilikuwa nikimwongezea bila kumdai.

Nilirudi nyumbani nikakaa, nikawaza jambo moja tu: duka lile lilikuwa ndilo jina langu. Akiingia yeye pale, basi uongo wake ungekuwa ukweli wa soko zima, na mimi ningebaki kuwa mwanamke wa maji machafu mpaka nazikwa.

Msomaji, hapa naanza kukiri. Usinikatize.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa mama mkwe kumsaidia kubeba sabuni. Stoo kwake kuna kabati la zamani, la mbao nzito, lenye milango ya kioo na nakshi pembeni. Zuri kweli. Kwa miaka yote ya ndoa yangu lilikuwa ndilo kabati la sabuni za maua. Nilipofungua mlango, harufu ilinipiga usoni nikarudi nyuma.

Nikakumbuka jambo. Kuna siku niliweka kopo la chai karibu na kitunguu, Mama Mapazia akanichapa kofi la mkono. Alikuwa mpole, hajawahi kunigusa. Akanieleza kwamba majani ya chai hunyonya harufu ya chochote kilicho jirani, na yakishanyonya hayasafishiki tena.

Na nikakumbuka la pili, ambalo ndilo lililonifanya nicheke peke yangu stoo. Nilipoolewa, wiki ya kwanza nilishindwa kula katika nyumba ile. Maji yalinuka sabuni, mashuka yalinuka sabuni, chakula kilinuka sabuni. Nilipouliza, wote walinitazama kama mgonjwa. "Harufu gani?" Mama mkwe, mume wangu, wifi: wamezaliwa na kukulia kwenye sabuni, pua zao haziisikii kabisa.

"Mama," nilisema, "kabati hili unalitumia?"

"Sabuni nimezihamishia kwenye rafu mpya. La nini?"

"Nataka kumpelekea wifi. Tupatane."

Mama mkwe alinishika mikono yote miwili. Machozi yalimlengalenga.

"Mungu akuzidishie, mwanangu. Lichukue, lichukue hata sasa hivi."

Nililisugua upande wa nje likang'aa. Ndani sikugusa.

Wifi alipoliona likishushwa mlangoni kwake alishika kiuno.

"Ehe! Kabati la mama! Leo jua limetokea wapi?"

"Wifi, nimechoka kununiana. Umenishinda. Hili ni la duka lako jipya."

Alilizunguka, akapapasa nakshi, akajitazama kwenye kioo. Nilimwona tamaa inavyompanda.

"Kweli umekua, wifi yangu. Mimi nilijua tu utashuka."

"Nimeshuka. Nikupe na ushauri?"

"Nipe."

"Yale majani mazuri, ya siku ya Mwenyekiti, yaweke humu. Chai inataka giza na mlango uliofungwa."

"Kwenye makopo?"

"Mimi siku hizi sina la kukufundisha, wifi. Ila ukiyaweka kwenye mabakuli ya kioo, wazi, wageni watayaona vizuri ukifungua milango."

Alipenda hilo. Alikuwa mtu wa kutaka vitu vionekane. Aliyamimina mbele yangu, bakuli baada ya bakuli, akayapanga, akafunga milango kwa madaha. Kabla ya kufunga aliinama akavuta pumzi.

"Hm. Yananukia chai safi."

Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Nikavuka barabara, nikaingia chumbani, nikajifungia, nikacheka na mto mdomoni.

Wiki ile nililala usingizi mzuri. Nilipika, nilifagia, niliimba. Mume wangu akafurahi: "Unaona? Nilikwambia muda utasaidia." Nikamwambia kweli, muda unasaidia sana, acha uzidi kwenda. Kila nilipoyatazama yale maduka mawili yakitazamana, nilikuwa nayawaza majani yale gizani, yanakunywa sabuni taratibu, usiku na mchana.

Siku ikafika. Asubuhi, barazani pa duka la kona, viti vimepangwa, kitambaa kipya mezani. Mwenyekiti na kamati yake mbele. Wachuuzi wameacha meza zao wamejaa pembeni. Mama mkwe ameketi mstari wa kwanza, amevaa nguo yake ya sherehe, kwa sababu, alisema, wanawe wamepatana. Mume wangu pembeni yake.

Nami nikaja, nimejipamba. Mkobani mwangu kulikuwa na kibirika changu kidogo, na kopo la majani ya mwisho niliyobaki nayo, nimelifunga kwa kitambaa.

Wifi alimimina kwa mbwembwe zote. Mkono juu, maji yanashuka kama uzi. Vikombe vikagawiwa.

Mwenyekiti akanywa.

Nilikuwa nimeisubiri sura ile wiki nzima, na haikuniangusha. Mashavu yalijaa, macho yakatoka, akageuka akatema kwenye maua.

"Sabuni!" alipiga kelele. "Dada, umetunywesha sabuni!"

Kamati nzima ikatema. Fundi wa viatu aliyekuwa nyuma akaangua kicheko. Karani wangu wa Ijumaa alikuwa anajifuta ulimi kwa leso.

Wifi akanyakua kikombe akanywa chote.

"Mbona iko sawa? Mama, onja."

Mama mkwe akaonja. "Naona ni chai tu."

Mume wangu naye akaonja, akatikisa kichwa, haelewi. Watatu wale walisimama na vikombe vyao wakitazamana, na soko zima linawacheka. Nakiri mbele yenu nyote: sijawahi kuonja kitu kitamu kama dakika ile.

Ndipo wifi akanigeukia. Nilidhani atalia. Hakulia. Yule ni mwanamke wa kuona mlango hata kwenye ukuta.

"Mwenyekiti, samahani," alisema, sauti imelegea kwa heshima. "Ukweli ni kwamba chai hii si yangu. Chai ni ya wifi yangu yule pale. Mzigo ni wake, yule Mchina ni wa kwake, vikombe ni vyake. Mimi nilikuwa namuuzia tu. Muulizeni kaka yangu."

Miezi yote nilikuwa nimemwomba aseme maneno hayo mbele ya watu. Akayachagulia siku hiyo!

"Ni kweli?" Mwenyekiti alimuuliza mume wangu.

Mume wangu alinitazama, akamtazama dada yake, akatazama viatu vyake.

"Ni kweli. Chai ni ya mke wangu."

Macho yote kwangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, si kwa kukimbia. Nikasimama.

"Ni yangu, naam. Na chai yangu hainuki sabuni. Nipeni maji ya moto niwaonyeshe."

Nikatoa kibirika. Nikatoa kopo. Nikaosha majani, nikamwaga maji ya kwanza, kisha nikaliinua sinia la matundu lililokuwa mezani kwa wifi, nikatoa chombo cha chini, nikashuka nacho ngazi za baraza nikamwaga yote mtaroni, polepole, kila mtu akiona. Nikarudi nikawamiminia.

Mwenyekiti alinusa kwanza, kama mtu aliyeumwa na nyoka. Akanywa. Akasukuma kikombe mbele.

"Ongeza."

Kamati ikaomba. Karani akaomba. Nilimwona wifi anavyosinyaa, nikamwongezea Mwenyekiti kikombe cha tatu ili asinyae zaidi.

Lakini kuna mtu mmoja hakuwa anatazama vikombe. Mama mkwe alikuwa anautazama mkoba wangu. Mkoba, kibirika, kopo lililofungwa kwa kitambaa. Kisha akanitazama mimi. Yule mama haisikii sabuni, lakini akili anayo. Nani anakwenda kwenye chai ya mwenzake akiwa na chai yake mkobani?

"Sasa ile ya kwanza imeharibiwa na nini?" aliuliza Mwenyekiti.

"Na mahali ilipowekwa," nilijibu haraka. "Iliwekwa kwenye kabati lililokuwa la sabuni."

"Kabati?" Wifi aliruka. "Kabati si umeniletea wewe? Wewe! Na ukaniambia niweke majani humo! Jamani, mwanamke huyu amenifanyia makusudi!"

Mwenyekiti akaweka kikombe chini. Akanigeukia.

"Si yeye," ilisema sauti.

Mama mkwe alikuwa amesimama, ameshika mgongo wa kiti.

"Kabati ni langu. Mimi ndiye niliyesema lipelekwe, na mimi ndiye niliyesahau kulisafisha ndani. Mkwe wangu alinisaidia kubeba tu. Uzee, Mwenyekiti. Mnisamehe."

"Mama!" wifi alilia. "Mama, umeniua!"

"Nisamehe, mwanangu."

Alimwomba radhi binti yake, akaiomba kamati radhi, akawaomba na wachuuzi. Wale waliokuwa wanacheka chai wakaanza kumcheka yeye. Hakunitazama tena.

Ningeweza kusema. Nafasi ilikuwepo, pana kabisa. Lakini nilimwona wifi ameketi chini, kibao chake cha CHAI YA KICHINA HALISI, alichokuja nacho akitundike hapo, kimelazwa pembeni ya mguu wake, na nikasema moyoni: bado. Asimame kwanza aondoke. Nitasema baadaye.

Mwenyekiti alinong'onezana na kamati yake. Kisha akatoa ufunguo mfukoni.

"Basi. Mwenye chai amejulikana, na chai tumeionja. Duka ni lako, dada."

Watu wakapiga makofi. Nikanyoosha mkono.

"Ila kuna jambo," aliendelea, ufunguo ungali kwake. "Leo tumejifunza kwamba sabuni inaharibu chai. Na meza ya sabuni iko hapo hapo, hatua chache tu. Haiwezekani. Kabla hujafungua, meza ile ihamie kule nyuma, penye jaa la taka. Unakubali?"

Kule nyuma hapiti mnunuzi. Kule hupelekwa meza za watu ambao soko limewachoka. Nani asiyelijua hilo? Meza ile mama mkwe ameisimamia tangu mume wangu hajazaliwa. Ndiyo iliyomsomesha, ndiyo iliyolipa harusi yangu.

Nilimtazama. Alikuwa anatazama meza yake, miche iliyopangwa vizuri, karatasi za rangi.

"Chukua, mwanangu," alisema taratibu. "Ulikuwa unalitaka sana."

Kisha mume wangu akasimama.

Mnamjua mume wangu. Nimewasimulia wiki nyingi. Sijawahi kumwona akimaliza sentensi ambayo ingemuudhi mtu. Alikuja mpaka mbele yangu, katikati ya kamati, dada yake na mama yake wakimwona, na sauti yake haikutetemeka.

"Ukiuchukua ufunguo huo, usirudi nyumbani kwangu. Na ukitaka nikuambie kwa nini, nitasema hapa hapa mbele ya watu wote. Nilikuwa uani kwa mama siku ile. Nilikuona ukilisugua kabati nje tu."

Wifi aliinua kichwa.

Mume wangu alisema kwa kuchelewa, kama kawaida yake. Tangu mama mkwe aliposema nichukue, Mwenyekiti alikuwa ameshauweka ufunguo kiganjani mwangu, na vidole vyangu vilikuwa vimeshaufumba.